Kung fu ya mezani: kila teke lina gharama yake

Mwezi wa sita, Matamba haina haraka ya kumtoa mtoto nje. Shule zimefungwa, upepo wa Kitulo unashuka, na watoto wanajikusanya karibu na moto wakisubiri viazi viive. Mahali penye televisheni au simu yenye chaji, filamu inayowekwa mara nyingi ni ya kung fu. Haipiti saa nzima mdogo analia: amepigwa teke la kifua na kaka yake, ambaye kwa dakika hizo alikuwa Jackie Chan.

Wazazi wengi huzima filamu na kugomba. Ipo njia nyingine, nayo inahitaji dadu mbili za ludo, daftari na konzi ya maharage: kung fu ihamie mezani.

Mchezo wa aina hii una zaidi ya miaka 50. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons. Kila mchezaji anakuwa mhusika wa hadithi, mmoja wao anasimulia, na dadu inaamua pale ambapo hakuna mwenye uhakika wa kitakachotokea. Hadithi inaendelea wiki hadi wiki. Wachezaji huiita kampeni, ingawa hii haina vipaza sauti wala kofia za bure. Mwaka 1996 Robin D. Laws akatunga Feng Shui, mchezo uliojengwa juu ya filamu za mapigano za Hong Kong. Huo unatumia dadu mbili za kawaida: moja inaongeza, nyingine inapunguza.

Kazi ya msimulizi haihitaji kuelezwa sana kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye banda la video. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijijengea jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiwapa wahusika maneno ambayo hawakuyasema. Mezani msimulizi anafanya hivyohivyo, ila hapa shujaa anamjibu.

Ramani nayo ipo tayari. Barabara inayopanda kutoka Chimala hadi Matamba inaitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Ichorwe kwenye karatasi mbili za daftari zilizounganishwa, kona zote 57. Wanafunzi wa mwalimu mzee wa kung fu wanaanzia Chimala na wanatakiwa wafike juu. Katika kila kona chache wanakutana na jambo: daraja lililobomoka, mpinzani anayedai ushuru, bibi mwenye gunia asiyeweza kulibeba.

Kila mtoto anagawa pointi tano katika Nguvu, Wepesi na Busara, bila kuzidisha tatu kwenye sehemu moja. Dadu moja inapakwa rangi ya kucha. Nyeupe inatolewa hiyo ya rangi, kisha inajumlishwa pointi ya mhusika. Jibu likiwa 1 au zaidi, amefanikiwa. Mwenye pointi 1 anafaulu katika michanganyiko 21 kati ya 36, mwenye 2 katika 26, mwenye 3 katika 30. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuikagua hesabu hiyo wenyewe, na kwa kawaida wataikagua, hasa wakishindwa.

Hadi hapo ni mchezo tu. Malezi yanaanza kwenye kanuni za nyumbani, zile ambazo familia inajiwekea. Na kanuni kubwa kuliko zote ni hii: pigo linagharimu nini?

Kwenye filamu halilipiwi. Mtu anavunjiwa meza mgongoni, anajipangusa vumbi. Mezani kila mhusika anaanza na maharage kumi ya pumzi, na kila teke linakula moja, likipata au likikosa. Ghafla mtoto anayetaka kupiga kila anayemwona kona ya 9 anagundua kwamba kona ya 20 atafika akihema. Hapo anaanza kuuliza swali ambalo hakuna aliyemfundisha: "Huyu anataka nini?"

Kanuni ya pili imetoka kwenye karate yenyewe. Gichin Funakoshi, Mjapani aliyeieneza karate katika karne iliyopita, alifundisha kwamba mwanakarate haanzi kushambulia. Basi anayepiga wa kwanza anapoteza maharage mawili ya heshima, na anayempiga aliyekwisha kusalimu amri anapoteza yote. Bila heshima, wanakijiji wa kona zinazofuata hawamfungulii mlango.

Aliyeshindwa hafi. Anarudi kona tano chini na wenzake wanaamua kama watamsubiri. Mjadala huo unaweza kuchukua robo saa, na mzazi mwenye busara hauingilii. Anayeinuka kuonyesha teke kwa mwili wake anapitwa na zamu, hata kama ni baba.

Baba au mama anayesimulia ana mtego wake. Atatamani kumsaidia kitinda mimba, au kumkomesha mkaidi wa mchana kwa kumletea maadui watatu usiku. Watoto wanaona. Dadu za msimulizi zitupwe mezani mbele ya wote, na mdogo apewe msaada unaojulikana mapema, kwa mfano kurudia kutupa mara moja kila usiku. Upendeleo ulioandikwa kwenye daftari hauleti ugomvi kama ule wa kunong'ona.

Kuhusu adui, Matamba ina hadithi nzito kuliko mapango ya dhahabu. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ina aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na viazi vya okidi huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Mchimbaji huyo ni adui mzuri kona ya 50. Lakini mezani anaweza kukaa mtoto ambaye mjomba wake amewahi kuchimba. Msimulizi ampe mchimbaji jina la kubuni, ada ya mtoto anayodaiwa, na nafasi ya kusema. Wachezaji wakiamua kumpiga, wampige, kwa maharage yao. Wakitumia Busara kumtafutia kazi nyingine, dadu ni zilezile na pumzi haitumiki.

Kipindi kisizidi saa moja na nusu. Kikatwe hadithi ikiwa imechachamaa, mtu akiwa ananing'inia kwenye ukingo wa kona ya 31, na maharage yahesabiwe na kuandikwa kabla ya kulala. La sivyo asubuhi kila mtu atakuwa na kumi, au mama atakuwa ameshayapika.