Tandiko la Bwawa Huanzia Kwenye Udongo

Bwawa la uani lenye kina cha mita 1.2 hubeba maji yenye uzito wa tani 1.2 juu ya kila mita ya mraba ya sakafu yake. Uzito huo haupumziki mchana wala usiku. Karatasi la nailoni linalozuia maji hayo yasipotelee ardhini lina unene wa nusu milimita, au milimita 1 kwa mwenye uwezo zaidi, na kila kijiwe kilichosalia chini yake kinabaki kulichoma mahali palepale kwa miaka yote ambayo bwawa litakuwa na maji. Kwa hiyo anayetaka kujenga bwawa la samaki au la kuvuna maji ya mvua nyumbani kwake namshauri aanze na swali la tandiko: kitu gani kitakaa kati ya karatasi na ardhi?

Wengi huanza upande wa pili. Fedha yote huishia kwenye karatasi zito kuliko yote dukani, nalo hutandazwa juu ya udongo mtupu kwa imani kwamba unene utajitetea wenyewe. Makaratasi mengi yanayouzwa Tanzania na Kenya kwa kazi hii ni ya polithini ngumu, ile inayojulikana kwa herufi HDPE. Hustahimili jua vizuri sana, lakini si plastiki ya kuvutika. Ikivutwa kupita asilimia 12 hivi ya urefu wake hairudi ilivyokuwa; hukonda pale ilipovutwa. Na ikikaa na mkazo juu ya ncha ya jiwe kwa muda mrefu, yaweza kupata ufa polepole. Hapo ndipo penye hasara kubwa, maana bwawa hujaa vizuri siku ya kwanza, samaki huwekwa, fundi hulipwa akaenda zake, na maji huanza kushuka miezi kadhaa baadaye bila mtu kujua tundu liko wapi. Karatasi la mpira, aina ya EPDM, lina tabia tofauti: huvutika zaidi ya asilimia 300 kabla ya kukatika, kwa hiyo hulifuata jiwe la mviringo bila kuumia. Jiwe lenye makali, hata hivyo, hulikata nalo pia.

Tandiko lipi linafaa, basi? Jibu liko kwenye shimo lenyewe. Likishachimbwa, limwagie maji, lishindilie, uliache hadi kesho yake, kisha upige magoti upitishe viganja sakafuni na kwenye kuta. Maji na mshindilio hufichua mawe ambayo jembe liliyafunika. Chochote kigumu kinachozidi sentimita 1 kitolewe, mizizi ikatwe ndani kabisa ya udongo, na mashimo yanayobaki yazibwe kwa udongo laini. Hakuna tandiko linaloweza kufanya kazi hii kwa niaba yako.

Kwenye udongo wa tifutifu usio na mawe, tandiko jepesi linatosha. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni habari nyingine, kwa sababu changarawe za volkano zina matundu na makali kila upande, na ukiondoa moja nyingine huchomoza. Pwani ndiko kugumu zaidi. Katika ardhi ya maweni ya Unguja na Pemba, na sehemu nyingi za mwambao wa Kenya, jiwe la matumbawe ndiyo sakafu yenyewe, huwezi kuliokota ukalitupa. Hapo inabidi kwanza kulisawazisha kwa tabaka la udongo laini, au kwa mchanga uliochanganywa na saruji kidogo, ndipo tandiko zito lifuate. Udongo mweusi wa mbuga nao una hila yake: hauna mawe, unadanganya kwa ulaini, lakini ukikauka hupasuka nyufa pana, na karatasi likibaki linaning'inia juu ya ufa hubeba uzito wa maji peke yake. Kwenye udongo huo mimi hutaka sentimita 10 za tifutifu iliyoshindiliwa kabla ya kitu kingine chochote.

Vitu vinavyotumiwa kwa sababu vipo nyumbani vinastahili kuzungumzwa kwa haki, kwani gharama ni jambo la kweli. Magunia ya katani, maboksi na magazeti huwa laini kwa msimu mmoja, kisha huoza; na kabla ya kuoza huwaita mchwa. Mchwa wakishafika chini ya karatasi hawana sababu ya kuishia kwenye gunia, kwani wanajulikana kutafuna hata plastiki iliyo njiani mwao. Viroba vya polipropilini haviozi, ila ni vyembamba mno. Tabaka moja halipunguzi makali ya jiwe kwa kiasi cha kutegemewa. Zulia kuukuu la nyuzi za plastiki ndilo bora kati ya vya bure, mradi likaguliwe kwa mkono, maana mara nyingi hubakiwa na misumari midogo na pini za pembeni. La sufu au la pamba liachwe.

Mchanga una sifa nzuri na ya zamani. Sentimita 5 za mchanga wa mto uliochekechwa huifanya sakafu iwe salama. Lakini mchanga haukai kwenye ukuta wenye mteremko mkali. Huporomoka wakati wa kutandaza na kuacha sehemu ya juu uchi. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa: una vipande vya makombe, na kuuchota kunaula ufukwe.

Kinachobaki ni kitambaa kilichotengenezwa kwa kazi hii, jiotekstaili. Hapa mnunuzi awe macho, kwa sababu madukani zipo aina mbili zenye kazi tofauti. Moja imefumwa kwa nyuzi bapa zinazong'aa, zilezile za viroba; hiyo ni ya kuimarisha barabara na kutenganisha matabaka, wala haina mto wa kupokea ncha ya jiwe. Unayoihitaji haikufumwa. Nyuzi zake zimeshikamanishwa kwa kuchomwachomwa na sindano nyingi kiwandani, ni nene, ina manyoya, ukiibonyeza inabonyea. Hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kwa udongo laini gramu 200 zinatosha. Penye changarawe nisingeshuka chini ya 300. Penye matumbawe, au ndani ya tangi la zege lenye kuta za kukwaruza, nunua 500 au tandika matabaka mawili. Mwombe muuzaji akate kipande cha mita 1 kwa mita 1 akiweke kwenye mizani. Kama kimeandikwa 300 na mizani inasoma 180, umejua la kufanya.

Kiasi hakisumbui kukokotoa. Kwa bwawa la mita 6 kwa 4 lenye kina cha mita 1.2, ongeza kina mara mbili kwenye kila upande, kisha mita 1 ya kufukia kingoni: utapata mita 9.4 kwa 7.4, yaani karibu mita 70 za mraba. Kitambaa kiongezwe asilimia 10 hivi, kwani vipande vyake hupandana kwa sentimita 20 hadi 30. Kifunikwe upesi, jua hukila kitambaa hiki kisipofunikwa.

Kuna adui mmoja asiyezuiwa na kitambaa hata kizito, naye ni ndago. Chipukizi lake lina ncha kali inayotoboa plastiki bila shida, na viazi vyake husubiri ardhini kwa muda mrefu. Eneo lenye ndago lichimbwe, viazi viokotwe, na mita moja kuzunguka kingo isafishwe pia.

Kitambaa cha aina hii kina faida nyingine ambayo wauzaji huisahau: hupitisha hewa na maji ndani ya unene wake. Mizizi na samadi zilizofukiwa zikioza hutoa gesi, na gesi ikikosa njia hulinyanyua karatasi katikati ya bwawa kama mgongo wa kiboko. Kitambaa kikifika hadi juu ya kingo, gesi hupanda nacho na kutoka. Kwa hiyo usikizibe ncha zake kwa zege. Zifukie kwa udongo wa kawaida kwenye mtaro wa kingoni.

Mabaki ya kitambaa usiyatupe. Mawe ya mapambo na vyungu vya mayungiyungi hulikandamiza karatasi kutoka juu vilevile, na kila kimoja kinahitaji kipande chake cha kukalia.