Kofia ngumu Ngara na Biharamulo: Bidhaa ipo, mnunuzi anasita

Na Mwandishi Wetu

BIASHARA ya pikipiki za abiria na mizigo imeenea hadi vijiji vya mbali vya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, lakini biashara ya vifaa vya kumlinda anayeziendesha na anayebebwa inachechemea nyuma. Katika maduka ya spea, tairi, cheni, plagi na mafuta ya injini ndivyo vinavyozungusha mtaji wa mwenye duka. Kofia ngumu, ambayo vijana wa vijiweni huiita "elementi", hutundikwa juu ya mlango ikipigwa vumbi, na mara nyingi hushushwa pale tu trafiki anapoonekana barabarani.

Kwa mfanyabiashara, hiyo ni ishara kwamba mahitaji yapo lakini hayajageuka kuwa manunuzi. Kwa mwendeshaji na familia yake, pengo hilo ni suala la uhai.

Kila moja ya wilaya hizi mbili ilikuwa na zaidi ya watu 320,000 katika sensa ya mwaka 2012. Ngara inapakana na Rwanda katika daraja la Rusumo na Burundi katika kituo cha Kabanga. Biharamulo imekaa kwenye njia panda: Lusahunga na Nyakanazi ndiko magari ya Kahama, Kigoma, Bukoba na mpakani yanakopishana. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, chenye kilometa 92, hupitisha malori ya shehena za Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo mchana na usiku. Kwenye lami hiyo hiyo hupita pikipiki iliyobeba mikungu ya ndizi, gunia la maharage au mama na mtoto wanaowahi zahanati.

ILIKOTOKA ELEMENTI

Kuelewa udhaifu wa soko hili ni lazima kujua pikipiki ilikuwa ya nani zamani. Katika miaka ya 1990 aliyeonekana juu ya pikipiki vijijini kwa kawaida alikuwa mtumishi: bwana shamba, mganga, padri au mfanyakazi wa shirika. Ngara ilijaa mashirika ya misaada baada ya wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda kuvuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi mwishoni mwa Aprili 1994. Pikipiki za aina hiyo zilinunuliwa na ofisi, na aghalabu kofia iliingia katika bajeti ile ile pamoja na mafuta na matengenezo.

Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia kwa wingi katika miaka ya 2000, mnunuzi alibadilika. Serikali ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara mwaka 2010, chini ya SUMATRA, kazi ambayo tangu 2019 iko mikononi mwa LATRA. Mwendeshaji wa sasa mara nyingi hana ofisi nyuma yake. Anaendesha kwa mkataba au anapeleka "hesabu" kila siku kwa mwenye chombo. Mafuta ni yake, pancha ni yake, na kofia ni yake pia. Gharama ambayo zamani ilibebwa na mwajiri imehamia katika mfuko wa kijana anayeianza siku yake akiwa tayari anadaiwa.

VINAVYOINGIZA NA VINAVYOLINDA

Ukiangalia pikipiki zilizopangwa kijiweni utagundua kwamba si kweli kuwa waendeshaji hawapendi kununua vifaa. Keria ya nyuma imeongezwa na fundi wa kuchomelea ili ibebe gunia. Bampa la mbele limefungwa, kwa sababu pikipiki ikianguka huiokoa injini na mguu, na siku za kawaida hutumika kuegemezea mzigo. Kiti kimeongezwa sponji na kuvalishwa kava jipya. Vifaa hivi vinanunulika kwa kuwa vinarudisha fedha: mzigo mkubwa ni nauli kubwa, kiti laini ni mteja wa kurudi.

Kofia, glavu, miwani ya upepo na kizibao cha kung'aa haviongezi hata shilingi moja kwenye nauli. Faida yake ni hasara ambayo haikutokea, na hasara ambayo haikutokea haionekani kwenye daftari. Hapo ndipo soko linapokwama.

Lipo jambo jingine. Anayenufaika na kofia ya abiria ni abiria, lakini anayetakiwa kuinunua ni mwendeshaji. Abiria naye akipewa hukataa. Malalamiko yake yanafahamika: kofia imevaliwa na watu wengi, inanuka jasho, italeta mba au mapunye, itaharibu nywele zilizosukwa jana. Ugonjwa wa Uviko ulipoingia mwaka 2020 sababu za kukataa ziliongezeka. Mwendeshaji aliyenunua kofia ya pili akaona haivaliwi huiacha nyumbani au huiuza. Na pale abiria wanapopakiwa wawili au watatu kwa mtindo wa "mshikaki", hata mwenye kofia mbili hawezi kuwatosheleza.

HALI YA HEWA NA VUMBI

Mazingira ya wilaya hizi yana masharti yake. Ngara ni nchi ya milima; asubuhi kuna ukungu na baridi. Njia za udongo hutoa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Ndiyo maana koti zito la mtumba ndicho kifaa cha kinga kilichopokelewa bila kampeni yoyote: linakinga baridi, na mwendeshaji akianguka ni kitambaa kinachochubuka kabla ya ngozi. Gambuti nazo hununuliwa kwa ajili ya tope ingawa hulinda pia kifundo cha mguu.

Kioo cha kofia ndicho kinachougua zaidi. Vumbi likifutwa kwa kitambaa kikavu hukwaruza plastiki, na baada ya miezi michache taa za lori linalokuja usiku hutawanyika machoni. Mwendeshaji hukinyanyua kioo, kisha hukiondoa kabisa, na wadudu na mchanga hurudi machoni. Dawa yake ni rahisi: kioo kioshwe kwa maji na sabuni kidogo, kisifutwe kikavu, na kisisafishwe kwa petroli. Petroli hudhoofisha plastiki ya kofia bila kuacha alama inayoonekana.

Akina mama wana hatari zao ambazo soko halijazitilia maanani. Khanga au kitenge kinachoning'inia huweza kuingia kwenye cheni au spoku, na ndama ya mguu huungua kwenye ekzosi. Sheria za India zinataka pikipiki ziwe na kizuizi cha nguo kandokando ya gurudumu la nyuma, kwa ajili ya wanawake wavaao sari, na pikipiki nyingi za Kihindi hutoka kiwandani nacho. Mara nyingi ndicho cha kwanza kung'olewa huku kwetu ili keria kubwa ikae. Fundi atakayebuni keria inayokiacha mahali pake atakuwa amepata bidhaa yenye wateja.

BEI NDOGO, GHARAMA KUBWA

Swali la mnunuzi ni bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Kofia ya kwanza inauzwa Sh. 24,000 na kuchakaa kwa miezi 8: hiyo ni Sh. 3,000 kwa mwezi. Ya pili inauzwa Sh. 72,000 na kudumu miaka 3: hiyo ni Sh. 2,000 kwa mwezi. Iliyo ghali dukani ni rahisi barabarani. Lakini mwendeshaji anayeishi kwa hesabu ya kila siku hana Sh. 72,000 kwa mkupuo, kwa hiyo hununua ile inayomgharimu zaidi.

Faini nayo ni bei. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilishusha faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka Sh. 30,000 hadi Sh. 10,000 kwa kosa. Lengo lilikuwa kumpunguzia kijana mzigo, na mzigo ulipungua. Hata hivyo, kwa mfano wetu, kofia ya bei ndogo ni sawa na faini mbili na nusu hivi. Anayeamini kuwa atakamatwa mara moja tu kwa mwaka ana sababu ya kihesabu ya kutoinunua. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaka mwendeshaji avae kofia. Kinachoamua kama ataivaa akiwa Rulenge au Nyakahura, mbali na askari, ni hesabu yake mwenyewe.

Hesabu hiyo haijakamilika mpaka gharama ya ajali iingizwe. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, kwa waendeshaji wanaopata ajali. Aliyeumia kichwa Ngara huanzia hospitali ya wilaya, kisha rufaa: Chato, au Bugando jijini Mwanza, safari ambayo kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kuzinduliwa Juni 2025 ilikuwa pia na kungoja kivuko. Usafiri, ndugu wa kumuuguza, siku zisizo na kipato na mwenye chombo anayesubiri hesabu yake, vyote hivyo hulipwa kwa kuuza shamba au mbuzi. Hakuna duka linaloandika bei hiyo kwenye kofia.

JINSI YA KUTAMBUA ILIYO HAFIFU

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilianza utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini mwaka 2012. Pamoja na hayo mlaji hana budi kujilinda, kwani kibandiko chenye herufi "DOT" au "ECE" huchapishwa na yeyote mwenye mashine. Kabla ya kulipa, aangalie haya:

Povu la ndani. Chini ya kitambaa kuwe na povu gumu jeupe, la aina ile ya kufungashia televisheni, lenye unene wa sentimeta 2.5 hivi. Hilo ndilo linalobonyea badala ya fuvu. Kofia yenye sponji laini tupu ni ganda la mapambo.

Uzito. Mamlaka za Marekani zinaeleza kuwa kofia inayokidhi viwango vyao huwa na kilo 1.4 hivi, na iliyo chini ya nusu kilo inatia shaka.

Mkanda. Uvutwe kwa nguvu; uwe umefungwa kwa ribiti imara. Kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Historia yake. Povu likishabonyea kwa ajali halirudi. Kofia iliyopasuka ikashonwa kwa waya imemaliza kazi yake, na ya mtumba haielezi ilikopita.

JIRANI WANAFANYAJE

Mwendeshaji wa Ngara hahitaji kusoma vitabu ili kuona soko jingine. Ng'ambo ya Rusumo, ambako magari hupita upande wa kulia, abiria wa pikipiki mjini Kigali kukabidhiwa kofia ni jambo la kawaida la kila safari. Huko usimamizi umefanya kofia ya pili kuwa sehemu ya chombo, kama tairi.

Vietnam inatoa somo lenye pande mbili. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria ya kofia ilianza kusimamiwa kwa kila mwendeshaji na abiria, na uvaaji ukapanda zaidi ya asilimia 90. Soko likazaliwa kwa siku moja. Lakini baadaye likafurika kofia hafifu, kwa kuwa mnunuzi alikuwa akitafuta kitu cha kumwonyesha askari. Usimamizi huleta mahitaji. Usipofuatana na viwango, mahitaji hayo huvuna takataka.

SOKO LINAPOWEZA KUFUNGUKA

Kijiwe chenyewe ni taasisi ya fedha. Waendeshaji 12 wakichanga Sh. 500 kila mmoja kwa siku hupata Sh. 6,000. Katika siku 12 wana Sh. 72,000 za mfano wetu, yaani kofia moja nzuri. Ndani ya siku 144, chini ya miezi mitano, wote 12 wanazo. Wakiagiza kwa pamoja kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Kahama au Mwanza, wanaweza kudai bei ya jumla ambayo mtu mmoja hawezi kuipata.

Wenye vyombo nao wana maslahi. Anayetoa pikipiki kwa mkataba anaweza kuingiza kofia mbili katika bei na kuzigawa kwenye hesabu za miezi. Kijana akilala hospitali, marejesho yanasimama. Mwenye duka anaweza kuuza vitambaa vya pamba vya kuvaa chini ya kofia, vinavyofulika, ili kuondoa hoja ya mapunye. Bidhaa hiyo inaweza kushonwa Ngara mjini kwa cherehani moja.

MWELEKEO: Kwa muuzaji wa rejareja, makoti ya mvua na gambuti vitaendelea kutoka haraka kila mvua zinapokaribia, na vizibao vya kung'aa vina nafasi kandokando ya barabara kuu ya malori. Kofia za bei ya chini zitauzika kwa vipindi vya msako. Faida ya kudumu iko kwenye kofia nzuri inayouzwa kwa mafungu, na mfanyabiashara atakayetangulia kuwapa wateja wake muda wa kulipa ndiye atakayelishika soko hilo.