Kutua Katika Mawingu

Nahodha aingiaye bandarini usiku wa giza hutazama taa na dira, wala hategemei macho yake tu. Rubani wa eropleni ndogo yumo katika hali kama hiyo mawingu yanapofunika kiwanja. Haoni mbingu wala nchi. Tena mwili wake mwenyewe humdanganya. Ndani ya sikio mna maji yanayotujulisha kama tunageuka au tumetulia. Lakini eropleni ikigeuka polepole kwa muda, maji hayo huzoea mwendo ule, na rubani hudhani kwamba anakwenda sawasawa, kumbe bawa moja limelala! Marubani wengi wamekufa kwa kusadiki miili yao.

Basi, rubani asadiki nini? Asadiki vipimo vilivyo mbele yake. Kimoja kina gurudumu dogo lizungukalo kwa kasi mfano wa pia, na kama vile pia haianguki inapozunguka, gurudumu hilo halipotei, bali humwonyesha kama mabawa yamelala au yako sawa. Tarehe 24 Septemba 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field karibu na New York, Marekani, James Doolittle alifunikwa kwa kitambaa asione nje hata kidogo. Mwenzake alikaa kiti cha mbele, tayari kumsaidia ikiwa lazima. Doolittle akaruka, akazunguka, akatua kwa kutazama vipimo tu.

Siku hizi viwanja vingi vina mitambo ipelekayo mawimbi ya redio ya namna mbili. Moja huonyesha katikati ya njia ya kutulia, na ya pili huonyesha mteremko ufaao, ambao kwa kawaida ni digrii 3. Rubani hufuata mishale miwili: ikikaa katikati, yumo njiani.

Lakini kuwa njiani hakutoshi; yapasa awe ametulia. Eropleni iendayo maili 90 za baharini kwa saa hushuka futi 450 hivi kwa dakika katika mteremko huo. Rubani mwenye akili hutengeneza mwendo na nguvu za injini mapema, hata afikapo futi 1,000 juu ya kiwanja yote yamekwisha kutulia. Tangu hapo husahihisha kidogo kidogo tu. Mwenye pupa huukimbiza mshale: hupanda mno, kisha hushuka mno, kama mtu anayejifunza baisikeli, ayumbaye huku na huku. Na karibu na ardhi hapana nafasi ya kuyumba.

Je, ikiwa mambo hayakutulia? Au ikiwa amefika mahali pa kukata shauri, mara nyingi futi 200 juu ya ardhi, naye hajaona taa za kiwanja? Hapo hashuki zaidi kwa kubahatisha. Huipa injini nguvu zote, akapanda, akajaribu tena, au akaenda kiwanja kingine. Hiyo si aibu hata kidogo. Wazee walikwisha sema: Kawia ufike.