Gari Kuchelewa Kuwaka Alfajiri: Kompyuta ya Injini na Fedha za Chama

Vyama vya ushirika vilivyo katika nyanda za juu za Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, hutegemea sana safari za alfajiri. Huko Enguserosambu, penye kimo cha takriban mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, gari la chama likikataa kuwaka, maziwa na asali ya wanachama hukosa soko, na mgonjwa wa kupelekwa Hospitali ya Wasso huendelea kungoja. Baridi ya miezi ya Juni hadi Agosti huzidisha tatizo hili.

Siku hizi yako magari ya petroli ambayo kompyuta yake ya kiwandani, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, imeondolewa na kuwekwa nyingine ambayo fundi aweza kuibadilishia vipimo. Gari la namna hiyo linapochelewa kuwaka, shauri la kwanza linalotolewa huwa ni kumlipa fundi airekebishe kompyuta. Yafaa makatibu na wanachama waelewe kazi hiyo kabla fedha ya chama haijatoka.

KAZI YA KOMPYUTA

Petroli iliyo baridi haigeuki mvuke kwa urahisi. Sehemu yake hunata katika kuta za njia ya hewa, isifike kwenye silinda. Kwa sababu hiyo injini baridi huhitaji petroli nyingi zaidi kuliko injini iliyokwisha pata moto. Katika magari ya kabureta, kazi hii ilifanywa na choki. Katika gari la kompyuta, hufanywa kwa majedwali matatu: la kwanza ni la petroli wakati stata inapozungusha injini, la pili ni la nyongeza ya sekunde chache mara injini inapowaka, la tatu ni la nyongeza inayopungua kadiri maji yanavyopata moto.

Majedwali yote matatu hufuata joto la maji ya injini, nalo hupimwa na sensa ndogo. Kompyuta huitegemea hasa sensa hiyo ili kujua kama injini ina baridi. Sensa ikisema uongo, kompyuta hutoa petroli ya uongo.

Hapo ndipo penye kosa linalopatikana mara nyingi katika kompyuta zisizo za kiwandani. Sensa nyingi zina ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000 kwenye joto la nyuzi 20, nao hushuka hadi omu 300 hivi maji yakifika nyuzi 80. Lakini sensa za aina mbalimbali hazilingani, na kompyuta lazima iambiwe ni ya aina gani iliyofungwa. Isipoambiwa sawasawa, yaweza kudhani maji ni ya vuguvugu wakati yana baridi kali, ikatoa petroli kidogo.

Aidha, kimo cha nchi kina athari. Kanieneo ya hewa kwenye mita 2,000 ni kiasi cha asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Kompyuta iliyowekewa vipimo Dar es Salaam, bila sensa ya kanieneo ya hewa, yaweza kuilowesha injini kwa petroli inapofika Enguserosambu. Basi gari hukataa kuwaka kwa petroli kuzidi, wala si kwa kupungua. Na fundi akiongeza nyingine, atazidisha ubovu.

MAMBO YA KUPIMA KWANZA

Kabla kompyuta haijaguswa, hapana budi yapimwe mambo yafuatayo, ambayo gharama yake ni ndogo:

(a) Betri. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa. Stata inapozungusha injini, isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikizunguka polepole mno, sensa ya mzunguko yaweza kutoa ishara hafifu, na kompyuta isitoe moto wala petroli kwa wakati wake.

(b) Petroli. Dereva afungue swichi na kuifunga mara mbili tatu bila kuzungusha injini, kisha awashe. Gari likiwaka upesi kwa njia hiyo, yaelekea petroli hurudi kwenye tangi usiku, na vali ya pampu au nozeli zinavuja.

(c) Plagi. Zifunguliwe mara gari linapokataa kuwaka. Plagi zilizolowa petroli huonyesha imezidi. Zilizo kavu huonyesha imepungua au haifiki.

(d) Sensa. Gari likiwa limelala usiku kucha, kabla ya kuwashwa, kompyuta ionyeshe joto la maji na joto la hewa. Vipimo hivyo viwili vikaribiane, tena vikaribiane na kipimajoto cha kawaida kilichowekwa kando ya gari. Kikitofautiana kimoja, sensa au maelezo yake ndiyo yenye kosa.

Kipimo hiki cha mwisho katibu mwenyewe anaweza kukishuhudia, bila kuwa fundi.

KUREKEBISHA MAJEDWALI

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo majedwali yarekebishwe. Fundi hubadili jedwali moja tu kwa wakati, akianza na lile la kuzungusha injini, kwa asilimia 5 hadi 10, kisha hutazama matokeo. Injini ikiwaka lakini ikazimika baada ya sekunde chache, jedwali la pili ndilo la kushughulikiwa.

Ikumbukwe kwamba injini iliyokwisha washwa haipoi kabisa mpaka ilale usiku. Kwa hiyo jaribio la kweli ni moja tu kwa siku. Fundi anayesema amemaliza kazi ya baridi mchana mmoja huko Arusha mjini hajaijaribu kazi hiyo. Arusha ni chini zaidi ya Enguserosambu, na jua la adhuhuri si umande wa alfajiri.

MASHARTI YA MALIPO

Chama kinachoamua kufanya kazi hii kiandike masharti haya katika mapatano:

1. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya gari kuwaka vizuri asubuhi tatu mfululizo, mahali linapolala, mbele ya mjumbe wa Bodi.

2. Nakala ya vipimo vya zamani na vya sasa ikabidhiwe chama, pamoja na neno la siri la kompyuta, kama lipo. Chama kisichokuwa na neno hilo ni mateka wa fundi mmoja, na akihama, itakilazimu kununua kompyuta nyingine.

3. Kila badiliko liandikwe katika kitabu cha gari: tarehe, joto la asubuhi hiyo, kilichobadilishwa na matokeo yake.

Mwisho, vyama vyenye Toyota Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ vitambue kwamba petroli na majedwali yaliyoelezwa hapa hayawahusu. Pampu ya injini hiyo huendeshwa kimakanika, na baridi hushindwa kwa plagi za kupasha moto, betri nzima na dizeli safi. Atakayeleta ankara ya kurekebisha kompyuta ya dizeli katika injini hiyo aombwe kwanza aionyeshe kompyuta hiyo ilipo.

Fedha ya chama ni jasho la wanachama. Kipimajoto na mita ya umeme vyaweza kuokoa fedha nyingi, iwapo katibu atakubali kuamka alfajiri na kushuhudia.