KUULIZA SI UJINGA: MWUGUZI NA MILA ZA MGONJWA MKIMBIZI

Kazi ya mwuguzi ni kumtunza mgonjwa mpaka apone, au, ikiwa hapana tumaini la kupona, kumpunguzia maumivu na kumwekea heshima yake mpaka mwisho. Jambo hili ni jepesi kulisema. Lakini huwa gumu sana mgonjwa anapokuwa mkimbizi, yaani mtu aliyeiacha nchi yake, mifugo yake na jamaa zake, akaja kulala katika kitanda cha hospitali miongoni mwa watu asiowajua, wanaosema lugha asiyoielewa. Mgonjwa wa namna hii akiogopa, hatasema linalomwuma; asiposema, hatatibiwa sawasawa; na asipotibiwa sawasawa, huenda akafa kwa ugonjwa ambao dawa yake imo kabatini, hatua chache tu kutoka kitandani pake.

Wako wanaodhani kwamba mila za mgonjwa ni kizuizi cha uganga, na kwamba dawa yake ni kumkemea. Wako wengine wanaodhani kwamba yatosha mwuguzi kujifunza orodha ya desturi za kabila fulani, kisha amtendee kila mtu wa kabila hilo kwa orodha ile. Wote wawili hukosea. Mifano ifuatayo, iliyotoka Wajir, Garissa na nchi ya mbali ya Burma, itaonyesha kwa nini.

MANYATA YA WAGONJWA WA KIFUA KIKUU

Watu wa Hadado, katika Wajir Magharibi, na jirani zao wa nchi ile kavu, tangu zamani ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mvua ikinyesha upande mmoja, watu na wanyama huelekea huko. Kisima kikikauka, huhama tena. Hapo zamani mfugaji aliyeshikwa na kifua kikuu alitakiwa kutumia dawa kwa muda wa miezi 12 hadi 18. Je, ni nani angeweza kuwaacha ngamia wake muda wote huo? Baada ya majuma machache kikohozi kilipungua, nguvu zikarudi, naye akarudi nyikani. Lakini vijidudu vilivyosalia mwilini havikuwa vimekufa. Dawa ikikatizwa, vijidudu hivyo huzaana tena, huwaambukiza wale wanaolala naye nyumba moja, na mara nyingine huwa sugu hata dawa ile ile isivishinde. Mtu kama huyo aliporudi hospitalini aliitwa mkaidi.

Huko Wajir alikuwako mwanamke wa Kiitalia, Bibi Annalena Tonelli, aliyefika Kenya mwaka 1969. Hakuwa daktari, alikuwa amesomea sheria. Mwaka 1976 alikabidhiwa mpango wa majaribio wa Shirika la Afya Ulimwenguni wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wahamaji. Badala ya kuwalaza wagonjwa katika vyumba vya hospitali, aliwaalika wapige kambi katika uwanja wa wazi, kila mmoja na nyumba yake ya vijiti na mikeka kama walivyozoea nyikani. Mahali hapo pakaitwa manyata ya TB. Kila siku mgonjwa alimeza dawa yake mbele ya mwangalizi, na kwa kutumia dawa mpya za wakati ule, matibabu yalimalizika kwa miezi 6.

Hapo yafaa tutazame ni nini hasa kilichobadilishwa. Wafugaji hawakuambiwa waache kuwa wafugaji. Kilichobadilika ni namna ya hospitali. Ulazima mmoja tu ulibaki, nao ni dawa kumezwa mpaka mwisho, kwa sababu huo ndio uliobeba uhai wa mtu. Mengine yote yalilegezwa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieneza duniani pote utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya mwangalizi. Afrika ya Mashariki ilichangia maarifa hayo, kwa kazi ya Wajir na kwa mpango mkubwa wa kifua kikuu wa Tanzania ulioanza mwaka 1977. Bibi Tonelli alipewa nishani ya Nansen, itolewayo na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mwezi wa Juni 2003. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo aliuawa kwa kupigwa risasi huko Borama, Somalia ya kaskazini, alikokuwa akiendelea kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu.

KAMBI ZA DADAAB

Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwezi wa Januari 1991, Wasomali wengi walivuka mpaka kuingia Kenya. Kati ya mwaka 1991 na 1992 kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na mji wa Dadaab, katika Garissa. Zilikusudiwa kuwapokea watu 90,000. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipoishika Somalia ya kusini, hesabu ya watu katika kambi hizo ilipita 400,000.

Wauguzi waliokwenda kufanya kazi huko walitoka pande nyingi za Kenya, na wengine ng'ambo. Wengi wao hawakujua Kisomali. Mambo waliyokutana nayo wodini hayakuwa yote ya namna moja, na hapa tutapata msaada katika mafundisho ya Bibi Madeleine Leininger, mwuguzi wa Marekani, aliyeanza katika miaka ya 1950 kuchunguza jinsi mila na uuguzi vinavyohusiana. Alifundisha kwamba mwuguzi akikutana na desturi ya mgonjwa, ana njia tatu: kuihifadhi, kupatana nayo, au kumsaidia mgonjwa aibadilishe. Hekima iko katika kujua ipi ni ipi.

Desturi ya kuhifadhiwa ni kama mapumziko ya siku arobaini baada ya kuzaa. Mama wa Kisomali hukaa nyumbani, jamaa wakamtumikia na kumlisha. Wasomaji wetu wa pwani wanaijua sana arobaini, maana ni desturi yao pia. Mapumziko hayo humpa mama nafasi ya kurudisha nguvu na kumnyonyesha mtoto. Hapana sababu ya mwuguzi kuyapinga. Bali na afundishe tu kwamba mama akitokwa na damu nyingi au akipata homa katika siku hizo, asingoje zitimie, aletwe mara moja.

Desturi ya kupatana nayo ni kama saumu ya Ramadhani. Mgonjwa wa kisukari au wa kifua kikuu aweza kuficha kwamba anafunga na kuacha dawa ya mchana bila kusema. Dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku hizo baadaye, lakini neno hilo huingia moyoni zaidi likisemwa na sheikh kuliko likisemwa na mtu mwenye koti jeupe. Mwuguzi mwenye busara humwuliza mgonjwa mapema, kabla ya mwezi kuandama, kisha daktari hutazama kama dawa yaweza kugawanywa baina ya futari na daku, au kama mgonjwa huyo hapaswi kufunga kabisa.

Desturi ya tatu ni ile yenye madhara. Mtoto mchanga kupewa maji ya sukari kabla ya ziwa la mama ni mfano mdogo. Maziwa ya kwanza yana kinga ambayo maji hayo hayana, na maji machafu huleta kuhara. Mfano mkubwa ni kumkeketa msichana na kumshona. Shirika la Afya Ulimwenguni liliwachunguza wanawake zaidi ya 28,000 katika hospitali za nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, likatangaza mwaka 2006 kwamba waliokeketwa huwa na shida zaidi wakati wa kuzaa, nao watoto wao hufa zaidi. Kenya ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini yule mama aliyelala kitandani hakujikeketa mwenyewe. Mwuguzi asionyeshe mshangao, wala asiwaite wenzake waje kutazama. Azungumze naye faraghani, amweleze jinsi atakavyosaidiwa kuzaa, na baadaye, wakishaaminiana, wazungumze juu ya binti zake.

MAMA ANAYEKATAA KISU

Katika kambi hizo jambo moja liliwasumbua sana madaktari na wakunga: mama ameshindwa kuzaa, uhai wake na wa mtoto uko hatarini, naye au jamaa zake wanakataa upasuaji. Kila saa inayopita ni hatari. Tumbo la uzazi laweza kupasuka, mtoto akafa, au mama akabaki na jeraha la kutokwa na mkojo bila kujizuia.

Ni rahisi kusema kwamba huo ni ujinga. Lakini mwuguzi akiuliza kwa upole, atasikia sababu. Mama anaogopa kufa mezani. Anajua kwamba aliyepasuliwa mara kwa mara hawezi kuzaa watoto wengi, na jambo hili ni kweli. Mumewe yuko mbali, na kwa desturi uamuzi mkubwa haukatwi bila wazee wa pande zote mbili. Sababu hizi haziwezi kujibiwa usiku wa manane, mama akiwa katika uchungu. Hujibiwa miezi iliyotangulia, katika kliniki ya wajawazito: mume aitwe, mama mkwe aitwe, waelezwe dalili za hatari, na kama yuko jirani aliyepasuliwa akapona na kuzaa tena, aje awaeleze mwenyewe. Wazee wasikilizwe, lakini mama aulizwe pia peke yake, maana mwenye mwili ndiye mwenye neno la mwisho.

WASOMALI SI WAMOJA, WABURMA SI WAMOJA

Sasa tuitazame ile hatari ya orodha. Tuseme mwuguzi wa Dadaab amejifunza Kisomali kidogo, au amepata mkalimani. Mgonjwa aliye mbele yake atoka Bay, naye husema Kimaay, ambacho msemaji wa Kisomali cha kaskazini hakielewi vizuri. Au ni mmoja wa Wabantu wa Somalia, ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani yetu katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la Juba. Baadhi yao wameihifadhi lugha ya Kizigua mpaka leo, ile ile isemwayo Handeni. Mwaka 2002 wengi wao walihamishwa kutoka Dadaab mpaka Kakuma, na baadaye zaidi ya 10,000 walipelekwa Marekani. Karani wa hospitali huko huandika "Msomali", akaita mkalimani wa Kisomali, na mama mgonjwa hunyamaza kimya.

Mambo ni hayo hayo Burma, nchi ambayo tangu mwaka 1989 huitwa Myanmar. Jina hilo si geni kwetu, maana askari wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana huko katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Serikali ya nchi hiyo huhesabu makabila 135, na Warohingya, walio Waislamu, haimo hesabu yao. Zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbilia Bangladesh kuanzia mwezi wa Agosti 2017. Wakaren, ambao wengi wao ni Wabudha au Wakristo, wamekuwa wakikimbilia Thailand tangu miaka ya 1980. Mwuguzi aliyesoma kwamba "Waburma ni Wabudha" atamkosea Mrohingya tangu salamu ya kwanza.

Hata hivyo yako mengi ambayo mtu wa Garissa angeyatambua kwao. Mama aliyezaa huwekwa penye joto na kukatazwa vyakula vinavyohesabiwa kuwa vya baridi, kama vile waswahili wanavyomkanda mzazi kwa maji ya moto. Mwuguzi akimletea maji ya barafu, mama hayanywi, wala hasemi kwa nini. Waburma wengi hawana jina la ukoo. Msomali naye hutaja jina lake, la baba na la babu. Karani asiyeuliza huwaandika watu wa nyumba moja kama wageni wasiohusiana, na cheti cha chanjo cha mtoto hupotea.

Mwaka 1989 Daktari Cynthia Maung, Mkaren aliyekuwa mkimbizi mwenyewe, alifungua kliniki ya Mae Tao huko Mae Sot, mpakani mwa Thailand na Burma. Wahudumu wake wengi walikuwa wakimbizi waliofundishwa pale pale. Dadaab nako wakimbizi wamefundishwa kuzunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa na kueleza chanjo. Mtu kama huyo huelewa neno ambalo mgonjwa hakulitamka.

SHAURI LETU

Kwa wauguzi twasema hivi: ulizeni. Unaitwaje, nasi tukuiteje? Unasema lugha gani nyumbani? Ugonjwa huu waudhani umetoka wapi? Umekwisha tumia dawa gani? Ni nani ungependa awepo tunapozungumza? Maswali haya hayahitaji chombo wala fedha, nayo huchukua muda mfupi kuliko kumtafuta mgonjwa aliyetoroka wodini. Wala msimtumie mtoto kuwa mkalimani wa mama yake, maana yako maneno ambayo mama hawezi kuyasema kinywani mwa mwanawe.

Na kwa wagonjwa na jamaa zao twasema: semeni. Kama mwataka mwuguzi wa kike, semeni. Kama mwafunga, semeni. Kama mmekwisha tumia mitishamba, semeni, hata kama mwaogopa kukemewa, maana dawa mbili zisizojuana zaweza kudhuru. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwuguzi asiyeuliza humsaidia kuficha.