Mwanafunzi wa Kolwezi na saa zake 168

Wazazi wengi wa Kalemie, Kindu, Bukavu na kwingineko mashariki wanatuma watoto wao Kolwezi. Sababu inajulikana: shaba na kobalti ziko hapa, na mzazi anafikiri kwamba mtoto akisoma karibu na migodi, kazi nayo itakuwa karibu. Wengine wanaingia Chuo Kikuu cha Kolwezi, wengine vyuo vya ufundi. Jumapili ya kwanza wanafika kanisani na barua ya mchungaji wao, na sisi tunafurahi. Baada ya wiki mbili, mmoja yuko kwaya, mwingine anatafsiri mahubiri, wa tatu ni karani wa vijana.

Sisi tunaoshughulikia vijana katika kusanyiko letu tuna jambo la kukiri kabla ya kutoa shauri lolote. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa pili alitujia akasema kichwa hakishiki tena kitu. Alikuwa anasinzia darasani, moyo unamdunda usiku, na akifungua silabasi anaona maandishi tu. Tulimwombea. Kisha tukamwambia afunge siku tatu na asikose mkesha wa Ijumaa. Alitii yote. Mwisho wa mwaka alianguka kozi nyingi, na ndipo tulipokaa naye na kalamu tukamuuliza swali ambalo tungemuuliza siku ile ya kwanza: saa zako zinaenda wapi?

Hesabu tuliyoifanya siku ile tunaiweka hapa, maana tangu wakati huo tunaifanya na kila mwanafunzi mpya.

Wiki ina saa 168. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji kulala saa 7 mpaka 9, basi tuseme 8: hizo ni 56, zinabaki 112. Masomo je? Katika mfumo wa LMD, mwaka mmoja una kredi 60, na lisansi nzima ni kredi 180. Kredi moja ni kama saa 25 za kazi, na hapo mzazi aelewe vizuri: si saa za kukaa mbele ya profesa tu, bali pia za kusoma peke yako na kufanya mazoezi. Kredi 30 za muhula mmoja ni saa 750. Ukizigawa kwa wiki 15, ni saa 50 kila wiki. Zinabaki 62. Kuteka maji, kuwasha makala, kusonga bukari, kufua, kwenda chuo na kurudi: tukasema saa 25, na yule kijana akacheka, akasema wakati wa mvua barabara ikiharibika ni zaidi. Zinabaki 37.

Halafu tukafika kwenye kanisa. Kwaya jioni mbili, saa 6. Vijana Jumamosi, saa 4. Jumapili kutwa, 6. Mkesha, 8. Jumla 24. Mzee mmoja wetu aliomba tuhesabu tena. Tulihesabu tena, zikawa 24.

Zilikuwa zimebaki saa 13 kwa wiki, chini ya 2 kwa siku, na bado hatujagusa pesa. Kijana yule alikuwa anaendesha wewa kila jioni, pikipiki ya mtu mwingine, ambaye alitaka pesa yake kila siku hata kama abiria hakuna. Saa 4 kwa siku, siku 7: saa 28. Alikuwa na 13. Zile 15 zilizopungua alikuwa anazitoa wapi? Hakuna pahali pengine: alizitoa kwenye usingizi, na zikiisha huko, kwenye masomo. Hakuwa mvivu wala mtu wa imani ndogo. Hesabu yake ndiyo iliyokuwa haiwezekani, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo tuliiandika sisi.

Msongo wa mawazo, ambao vijana wanauita stresi, si ugonjwa tangu mwanzo. Mungu aliumba mwili ukiwa na namna ya kujihami. Ukiona hatari, damu inapokea adrenalini, moyo unapiga mbio, macho yanafunguka. Siku moja kabla ya mtihani jambo hilo linasaidia. Shida inakuja mwili ukiachwa katika hali hiyo miezi mitatu bila kushuka. Usingizi unaharibika, tumbo linauma, mtu anakasirikia wenzake kwa kitu kidogo, na akili inasahau. Kusahau huko kuna maelezo: mambo tuliyoyasoma mchana ubongo unayapanga na kuyahifadhi tukiwa tumelala. Anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani ni kama mtu anayejaza debe lililotoboka. Vinywaji vya kuamsha vinavyouzwa kila kona ya mji havimwokoi. Kafeini aliyokunywa jioni, karibu nusu yake bado inatembea mwilini baada ya saa tano.

Katika 1 Wafalme 19, Eliya amechoka mpaka anaomba kufa. Ametoka katika ushindi mkubwa wa Karmeli, anatishwa na Yezebeli, anakimbilia jangwani na kulala chini ya mti. Malaika anamgusa na kumpa mkate na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi na kumlisha mara ya pili. Hatusomi kwamba malaika alimkemea, wala kwamba alimwambia afunge. Swali la Mungu kuhusu kazi yake lilikuja baadaye, Eliya akiwa ameshalala, ameshakula na ameshafika Horebu. Tumehubiri sura hiyo mara nyingi tukikazia sauti ya utulivu, tukaruka mkate.

Sasa kwa mwanafunzi mwenyewe. Huku kwetu ratiba nzuri ya kitabuni inavunjwa na umeme. Unapanga kusoma saa moja usiku, taa inazimika, unakaa gizani na hasira. Tumeona kinachosaidia ni kupanga kazi kwa kile inachohitaji, si kwa saa peke yake. Kazi ya kompyuta na ya intaneti inafanywa mara umeme unapokuja, hata kama ni mchana wa Jumamosi. Kazi ya kitabu na kalamu inafanywa mapema asubuhi, jua likitoka. Kazi ya kichwa tu, kukumbuka fomula, kujieleza sura uliyoisoma, haihitaji hata mshumaa, unaweza kuifanya ukitembea kwenda chuo. Dada mmoja wa kwaya yetu anaandika maswali kwenye vipande vya karatasi na kujiuliza njiani. Watu wanafikiri anaomba.

Na usingoje mwisho wa muhula. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa miaka, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya kile tunachojifunza inapotea ndani ya siku ya kwanza, lakini kukirudia kidogo kidogo kwa siku zilizoachana kunakifanya kibaki. Nusu saa jioni ya siku ya kozi, dakika chache baada ya siku tatu, tena baada ya wiki. Ni saa chache kuliko za kukesha, na zinaenda mbali zaidi.

Kuhusu kazi ya pesa, hatuwezi kumwambia mtu aache wewa au kuosha mawe bila kumuuliza atakula nini. Kijana wetu alipatana na mwenye pikipiki kuendesha siku tatu tu. Mapato yalipungua, na mjomba wake alikubali kuongeza unga. Kwaya ilimwachia jioni moja, na mkesha tukamwambia alale. Mwaka uliofuata alifaulu kozi nyingi, si zote. Bado anadaiwa mbili.

Wazazi, simu ya kuuliza matokeo kila siku wakati wa mitihani haiongezi alama. Minervali ikichelewa, mwambieni mtoto ukweli na tarehe, maana kutojua kunamkosesha usingizi kuliko habari mbaya. Na akikaa wiki mbili bila furaha, halali au analala kutwa, hali, anajitenga, au anasema afadhali asingekuwepo, msiseme ni roho ya uvivu. Asiachwe peke yake. Apelekwe kwa daktari au muuguzi siku hiyo hiyo, mchungaji akimsindikiza, maombi yakiendelea.

Katika kusanyiko letu tumebadili mambo matatu. Wiki za mitihani hakuna mkesha kwa wanafunzi, na kwaya inaimba na waliobaki, hata sauti ya besi ikipungua. Mwanafunzi hashiki huduma zaidi ya moja. Wazee wawili hawakupenda jambo hili, na bado hawalipendi. La tatu, ukumbi mdogo una taa za jua na meza, na uko wazi kila jioni isipokuwa Jumapili. Ufunguo unakaa kwa mama anayelinda kanisa. Anayetaka kusoma apite kwake, ila ajue kwamba saa nne usiku mama anafunga, kwa sababu naye anataka kulala.