Chekechea bure, ila inategemea uko upande gani wa mpaka

Mzazi anayehamia Nairobi kikazi kutoka Dar es Salaam huuliza mambo mawili kabla ya kufungua masanduku: kodi ya nyumba, na mtoto wa miaka minne atakaa wapi mchana. Swali la pili ndilo gumu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka. Watoto wao wadogo wanakuta kila mji na sheria yake.

Nairobi, jibu liko katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne liliikabidhi kaunti elimu ya kabla ya msingi, yaani PP1 na PP2, huku shule za msingi zikibaki kwa Serikali Kuu. Kwa hiyo mara nyingi madarasa mawili yaliyo ndani ya ua mmoja yana waajiri wawili: mwalimu wa darasa la kwanza ni wa Tume ya Huduma za Walimu, wa nasari ni wa kaunti. Mvutano wa mishahara na mikataba ya hawa wa nasari haujaisha katika kaunti nyingi.

Kenya ilijifunza mapema ubaya wa kuiacha nasari nje. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, nasari haikuguswa. Baadhi ya wazazi maskini walipiga hesabu rahisi: kwa nini kulipa karo ya miaka miwili wakati mtoto akisubiri nyumbani ataingia darasa la kwanza bila senti? Wakawatoa. Walimu wa darasa la kwanza wakapokea watoto ambao hawajawahi kushika penseli.

Leo nasari ya umma jijini Nairobi imeongezewa kivutio kingine, chakula. Mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023 chini ya Gavana Johnson Sakaja, huwapa watoto wa shule za umma chakula cha mchana kwa shilingi 5. Mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa sahani. Kwa mama wa kibarua, hapo ndipo neno “bure” linapopata uzito.

Tatizo ni kuifikia hiyo shule. Mathare, Kibera na Mukuru zina watu wengi na shule chache za umma, na nafasi hizo zimejazwa na shule ndogo za watu binafsi, nyingi za mabati, zinazotoza karo. Anayeishi huko, ambaye ndiye aliyekusudiwa, mara nyingi ndiye anayelipa.

Dar es Salaam njia ni tofauti. Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na Januari 2016 ada ikafutwa kuanzia awali hadi kidato cha nne. Watoto walimiminika. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini takwimu za Serikali za miaka iliyofuata zilionyesha mwalimu mmoja mwenye sifa akibeba zaidi ya 100. Ada ilifutwa; sare, daftari na mchango wa uji vimebaki mlangoni kwa mzazi.

Anayehamia Kampala ndiye hushtuka zaidi. Uganda ilitangulia kwa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, lakini Sheria ya Elimu ya 2008 iliiacha nasari kwa watu binafsi, na gharama kwa mzazi. Matokeo yanaonekana darasa la kwanza la shule za Serikali: watoto wa miaka minne na mitano, wadogo kuliko umri unaotakiwa, wameketi nyuma kwa sababu hilo ndilo darasa la kwanza lisilo na ada. Wengi hulirudia mwaka unaofuata, na kiti chao anakikuta mdogo mwingine.